Dawa Ikikosewa Usiku, Nani Ajieleze?

Magoma, wilayani Korogwe, iko katika bonde la Mto Lwengera, katikati ya Usambara Mashariki na Usambara Magharibi. Mjamzito wa huku akizidiwa, Hospitali ya Magunga iko mbali, Korogwe mjini, na masika barabara ni mtihani. Ndiyo maana katika vituo vya vijijini maisha yake hutegemea mkunga wa zamu, ambaye pengine yuko peke yake.

Mkunga huyo akikosea dozi saa nane za usiku, anapaswa kumwamsha mganga mfawidhi mara moja ili mama aangaliwe kwa karibu. Lakini anaiwazia barua ya kujieleza. Amewahi kuona kiongozi akija ziarani na kamera, ndugu wakalalamika, muuguzi akasimamishwa kazi hadharani na watu wakapiga makofi. Ampuli mbili zinazofanana, zilizomchanganya, zikabaki kabatini palepale.

Hata hospitali kubwa hukosea. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walichanganywa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa mguu. Mwaka 2018 Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, ikampasua kichwa mtu asiyehusika. Watumishi wanne walisimamishwa, wawili wao wauguzi. Mgonjwa alikuwa amepita mikononi mwa wote hao bila jina lake kuhakikiwa sawasawa. Huo ni udhaifu wa utaratibu mzima.

Uchungu ni kwamba kinga yake ilikwishajaribiwa hapa nchini. Kuanzia 2007 hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19. Kabla ya kisu, jina la mgonjwa na sehemu ya kupasuliwa vinatajwa kwa sauti. Katika hospitali hizo, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Simtetei mzembe. Anayemtukana mama mwenye uchungu, au anayedai fedha ndipo amhudumie, afikishwe Baraza la Uuguzi na Ukunga. Sheria ya mwaka 2010 imelipa mamlaka hayo. Ila aliyechanganya dawa baada ya kubeba wodi nzima usiku kucha, kisha akakiri, asitiwe kapu moja na huyo. Aliyepanga zamu ya mtu mmoja naye aulizwe.

Tayari tunavyo vikao vya kupitia vifo vya uzazi, ambavyo lengo lake ni kutafuta chanzo, si wa kulaumiwa. Tusingoje kifo. Dozi iliyozidi ikagundulika mapema iandikwe na ijadiliwe hivyohivyo, ili kilichoandikwa Magoma Jumatatu kisomwe Lushoto, Bumbuli na Muheza kabla mama mwingine hajachomwa sindano kama ile.