Shemize ikikatala kutoka: namna ya kuivuta bila kupasua bloku

Mu magaraje ya Kolwezi, kamioni za kubeba mukuba na kobalti kwenda Kasumbalesa zinaingia na ugonjwa moja: motere inakula mafuta na kutoa moshi wa buluu. Mara mingi shemize zimelika. Shemize ni bomba la chuma lenye pistoni inapanda na kushuka ndani. Kununua mpya si shida. Shida ni kutosha ya zamani.

Juu ya nini inakwama? Kwa motere mingi ya kamioni, maji ya radiatere inazunguka nje ya shemize, na mipira ya ku chini inazuia maji isiingie mu mafuta. Dereva akijaza maji ya kisima bila dawa ya radiatere, kutu na chokaa vinajenga pale, na shemize inashikamana na bloku.

Hapo nyundo inaleta hasara. Bloku ni ngumu lakini inapasuka. Shemize inabadilishwa, bloku ikipasuka, mwenye kamioni anatafuta motere ingine.

Kisha kutosha maji, mafuta, kulasi na pistoni, funika vilebrekini na kitambaa, uchafu usiingie mu njia za mafuta. Tia mafuta ya kulegeza kutu, acha ilale usiku. Kesho yake tia aparei ya kuvuta: sahani ya chuma inakamata shemize ku chini bila kugusa bloku, fimbo ya vizi inapita katikati, daraja inakaa ku juu. Kaza nati polepole.

Ikikatala, wasudere wanapiga mistari ya sudire ndani, kutoka juu mpaka chini. Chuma ikipoa inajikaza, shemize inapunguka kidogo na kulegea. Lakini kwanza tosha batri, ondoa kitambaa na mafuta, funika vilebrekini na bati. Waya wa masi ufungwe ku shemize yenyewe, umeme usipite mu kusineti. Shemize hiyo hairudi tena kazini.

Mbele ya kuingiza mpya, safisha kikalio mpaka chuma ionekane, tia mipira mipya, na pima namna shemize inapita juu ya bloku, kufwatana na kitabu cha motere. Kisha jaza maji safi na dawa ya radiatere. Bila ile dawa, kutu itaanza tena.