Yufoniamu: ala isiyotoshelezwa na neno "tarumbeta"

Katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita, kama ilivyo kwingi nchini Tanzania, msafara wa harusi ukitanguliwa na bendi ya ala za kupulizwa, watazamaji husema kwa neno moja: matarumbeta. Neno hilo hubeba kila king'aacho: tarumbeta yenyewe, tromboni, tuba, na mara nyingine hata ngoma zinazoambatana nazo. Kwa msikilizaji wa barabarani hakuna hasara. Hasara humpata mwanafunzi anayetaka kujifunza ala mojawapo, au mfasiri aliyepewa orodha ya vifaa vya kwaya. Kila ala ikiandikwa "tarumbeta", muuzaji ataleta ile iliyo rahisi kupatikana, na sauti ya kati ya bendi itabaki bila mwenyewe.

Sauti hiyo ya kati, baina ya teno na besi, ndiyo makao ya yufoniamu. Ni ala ya shaba iliyobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1840, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya sauti nzuri. Mrija wake uliokunjwa una urefu wa takriban mita 2.7, karibu mara mbili ya ule wa tarumbeta ya kawaida. Tromboni ina urefu uleule. Tofauti ni kwamba mrija wa tromboni una upana mmoja kwa sehemu kubwa, ilhali wa yufoniamu hupanuka kidogo kidogo hadi mwishoni. Ndiyo maana tromboni hukata, na yufoniamu hufunika.

Mkoani Geita, ambako macho yamezoea kupima dhahabu, inafaa kusema wazi kwamba mng'ao wa ala hizi ni wa vanishi. Metali yenyewe ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na Kiswahili huuita shaba vilevile.

Je, ala hii hupigwa au hupulizwa? Vitenzi vyote viwili ni sahihi, lakini "kupuliza" humpotosha anayeanza, kwa kuwa humkumbusha kupuliza moto. Pumzi peke yake haitoi mlio. Midomo hubanwa, ikatetemeka ndani ya kikombe kidogo cha kinywani, na mtetemo huo ndio unaokuzwa na mrija. Kanuni hiyo si ngeni kwetu: siwa za Lamu na Pate, moja ya shaba na nyingine ya pembe za ndovu, hulia hivyo hivyo, ingawa tundu lake liko ubavuni.

Siwa haina pistoni. Yufoniamu ina tatu au nne. Ya kwanza ikibonyezwa hushusha sauti kwa toni moja, ya pili kwa nusu toni, ya tatu kwa toni moja na nusu; ya nne, ikiwapo, kwa toni mbili na nusu. Mpigaji tarumbeta akihamia huku, vidole vyake tayari vinajua njia. Kinachomlazimu kujifunza upya ni midomo na pumzi, ambayo hapa huhitajika kwa wingi zaidi. Kwa maoni yangu, anayeanza bila ala yoyote pia asiiogope, maana kikombe chake kipana huisamehe midomo mapema kuliko cha tarumbeta.

Kiswahili kimezijua bendi kwa zaidi ya karne moja. Neno moja la Kiingereza liliingia mara mbili: kwanza kama "beni", ngoma ya mashindano iliyoanza katika miji ya pwani miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi na kufika bara kwa majina ya Marini na Arinoti, kisha kama "bendi". Majina ya ala za kati hayakupata bahati hiyo. Wengine husema "baritoni", ila baritoni ni ala nyingine yenye mrija mwembamba zaidi, na pia ni sauti ya mwanamume katika kwaya. Napendekeza "yufoniamu", ngeli ya I-ZI: yufoniamu hii, yufoniamu hizi.

Anayenunua iliyotumika abonyeze kila pistoni kabla ya kulipa. Vumbi la kiangazi cha Shinyanga huzikwamisha upesi, na mafuta ya kupikia hayafai kuzilainishia; yapo mafuta yake mepesi.