Mbwa Anachechemea Mguu wa Nyuma? Chunguza Goti Kabla ya Kulaumu

Mbwa wa ulinzi amelala mzima getini, Diani. Asubuhi anaamka amenyanyua mguu mmoja wa nyuma. Papo hapo lawama zinamwangukia mlinzi wa usiku au watoto wa jirani kwamba wamempiga mawe. Huenda ni kweli. Lakini kwa mbwa mkubwa, sababu mojawapo ya kawaida ni kano ya goti iliyochakaa kwa miezi mingi, kisha ikakatika kwa hatua ya kawaida tu, bila mtu kumgusa.

Ndani ya goti mna kano mbili zilizopishana kama msalaba, zinazoshikanisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Inayoumia zaidi ni ya mbele. Mbwa husimama goti likiwa limekunjwa, na sehemu ya juu ya muundi wake imeinama kuelekea nyuma, mara nyingi kwa digrii zinazokaribia 25. Kwa binadamu mwinamo huo ni mdogo zaidi.

Fikiria mkokoteni wenye mitungi ya maji uliosimamishwa mlimani, ukazuiwa kwa kamba. Kila mbwa anapokanyaga, mfupa wa paja hutaka kuteleza nyuma na muundi kusukumwa mbele. Kamba inayozuia ni kano hiyo. Mlima ukiwa mkali, kamba huvutika zaidi.

Hata hivyo, umbo la mfupa peke yake halitoshi. Wapo mbwa wenye mwinamo mkali ambao hawaumii kamwe. Uzito uliopita kiasi, umri na ukoo huchangia. Rottweiler na Labrador wamo katika hatari zaidi. Mfupa huwezi kuubadilisha nyumbani, lakini mzigo unaweza kuupunguza.

Dalili za kuangalia:

- Anakanyaga kwa ncha za vidole tu.
- Anakaa ameutoa mguu pembeni badala ya kuukunja.
- Goti limevimba, au paja la upande huo limekonda.

Ukiziona, mpumzishe: asikimbie wala kuruka. Mpeleke kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa, ambaye atalipima goti kwa mikono na pengine kwa eksirei. Usimpe dawa zako za maumivu. Ibuprofen inaweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo.

Mbwa wadogo wengi hupata nafuu kwa mapumziko na kupunguzwa uzito. Kwa wakubwa, upasuaji mmojawapo hukata sehemu ya juu ya muundi, kuizungusha ili mwinamo upungue, kisha kuifunga kwa bamba la chuma. Unahitaji mpasuaji mwenye mafunzo na vifaa maalumu, hivyo ulizia gharama mapema. Usichelewe: mbwa wengi waliokatika kano mguu mmoja huja kukatika wa pili.

Tahadhari: mbwa akiyumba miguu yote ya nyuma, akidondosha mate, akishindwa kumeza au tabia ikibadilika ghafla, usimguse. Huenda ni kichaa cha mbwa. Toa taarifa katika ofisi ya mifugo iliyo karibu. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja.

Vinginevyo, kabla ya kumfukuza mlinzi au kugombana na jirani, goti la mbwa lipimwe kwanza.