Vyombo vya Kabatini: Ukusanyaji wa Sahani na Bilauri za Kale katika Mitaa ya Eastlands

Vyombo vya mapambo vitajwapo katika taaluma ya Kiswahili, aghalabu fikra huelekea Lamu, Pate na Gedi. Katika nyumba za mawe za pwani, kuta zilijengwa zidaka, yaani vishubaka ambamo sahani za kauri kutoka Uchina zilipangwa zionekane na wageni. Katika baadhi ya makaburi ya nguzo, bakuli na sahani zilikazwa ndani ya chokaa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wa Al-Inkishafi, aliyatumia madaka yale yaliyogeuka viota vya ndege kuwa ishara ya kuanguka kwa Pate. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba desturi hiyo ina ndugu yake katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, na kwamba ndugu huyo naye yumo hatarini.

Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, Kaloleni ikajengwa miaka ya 1940, na Buruburu ikafuata katika miaka ya 1970 na 1980. Nyumba nyingi za mitaa mikongwe ni ndogo, zisizo na zidaka. Nafasi ya kidaka ilichukuliwa na kabati la vioo lililosimamishwa sebuleni. Humo mliwekwa "vyombo vya wageni": seti ya sahani, vikombe na visahani vyake, bilauri, jagi na bakuli la mchuzi. Chini yake vilitandikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, ambavyo rangi yake ilichaguliwa ilingane na ua la sahani. Watoto walikatazwa kuvigusa. Akina mama wengi walivipata kupitia vyama vyao vya kuzungushiana fedha au kununuliana vyombo kwa zamu. Hivyo seti moja ilikuwa pia kumbukumbu ya urafiki na uaminifu wa wanachama.

Miongoni mwa vyombo vinavyotafutwa na wakusanyaji, aina mbili zinastahili kuelezwa. Ya kwanza ni vioo vya Duralex, hususan vile vya rangi ya kahawia. Jina hilo lilianza kutumika Ufaransa mwaka 1945. Kioo chake hupashwa moto mkali kisha hupozwa ghafla kwa hewa; sehemu ya nje huganda kabla ya ile ya ndani, na mvutano unaobaki humo hukifanya kiwe kigumu kuliko kioo cha kawaida. Kikishindwa, hata hivyo, hupasuka vipande vidogo vidogo kwa mara moja. Mwaka 2024 kiwanda hicho, kikiwa katika matatizo ya kifedha, kilikabidhiwa wafanyakazi wake wakiendeshe kwa ushirika. Aina ya pili ni Arcopal, kioo cheupe kama maziwa kilichotengenezwa Arques, kaskazini mwa Ufaransa, kuanzia mwaka 1958, na ambacho huchapwa maua juu yake.

Mkusanyaji sharti ajue kuvisoma vyombo hivi. Kwanza, atazame kitako, kwani jina la mtengenezaji huwa limepigwa hapo. Tarakimu iliyo chini ya bilauri ya Duralex si mwaka wala ukubwa, bali ni nambari ya kalibu iliyoitoa. Pili, apitishe kidole ukingoni. Palipomeguka ni udhaifu, na kioo cha aina hiyo chaweza kupasuka baadaye bila kuangushwa. Tatu, achunguze ua: waya wa kusugulia na jivu hulififisha, na ua lililofifia halirudishiki. Isitoshe, rangi za mapambo ya kale huweza kuwa na madini ya risasi. Kwa hiyo sahani ambayo maua yake yanabanduka ni heri ibaki kabatini kuliko kupakuliwa chakula. Anayetaka kukamilisha seti huweza kubahatisha katika vyombo vya mitumba sokoni Gikomba, ingawa kupata kisahani kinacholingana na kikombe chake huhitaji subira.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kabati hili ni kamusi pia. "Sahani" na "bilauri" zina asili ya Kiarabu. "Sinia" nayo, kwa njia ya Kiarabu, imebeba jina lenyewe la Uchina. "Kabati", "jagi" na "seti" zimetokana na Kiingereza. Kila tabaka la maneno laonyesha mkondo wa biashara uliovileta vyombo. Leo kijana wa Eastlands husema "glasi", na "bilauri" amebaki kuisoma vitabuni. Chombo kikitoweka, neno lake nalo hupoteza makao.

Hatari yenyewe si ya kukisiwa. Mitaa kadhaa ya kale ya Eastlands imo katika mipango ya kubomolewa ili maghorofa yajengwe. Familia ihamapo, kabati zito ndilo la kwanza kuuzwa, na seti iliyokusanywa kwa miaka hugawanywa: sahani kwa binti mmoja, jagi kwa mwingine, na vilivyobaki kwa mnunuzi wa vyuma na chupa. Huyo mnunuzi hapimi kumbukumbu, hupima uzito.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyaweza kuwa daftari hilo. Hakuhitajiki jumba la makumbusho ili kazi ianze. Yatosha kupiga picha kila chombo, kuandika jina lake kama linavyotamkwa na mwenyewe, lilikotoka na tukio lililokileta, kabla mwenye kabati hajaitwa kufungasha. Pate haikubahatika kuandikiwa orodha ya vyombo vyake. Ilichobakiziwa ni ubeti wa majuto. Eastlands ingali na wazee wawezao kuulizwa.