Motere Inakula Mafuta: Tupime Kwanza

Gari la paroisi yetu hapa Likasi lilianza kula mafuta ya motere, na kwenye mlima halina nguvu. Fundi mmoja akasema tununue motere nyingine. Pesa yenyewe ilikuwa ya mabati ya kanisa.

Tukaangalia moshi. Mweusi ni petroli nyingi. Mweupe usiokoma, maji. Wa bluu, mafuta. Wetu ulikuwa wa bluu, lakini asubuhi tu, wakati wa kuwasha. Hapo shuku mipira ya supapi: usiku mafuta hupenya polepole na kushuka ndani ya silinda. Segima zikichakaa, moshi hutoka hasa gari likivuta mlima.

Kisha toa buji, pima mgandamizo wa kila silinda. Ukiwa chini, tia kijiko cha mafuta, pima tena. Ukipanda, ni segima; usipopanda, ni supapi au juenti.

Silinda zetu zote zilikuwa nzima. Buji mbili zilijaa masizi ya mafuta, na filta ya hewa vumbi (barabara zetu mnazijua). Tulibadilisha mipira, buji na filta. Mabati tumeshanunua.