Ramani ya Punje Nyekundu

Kwangua punje ya mchele mwekundu kwa kucha, na chini ya ngozi yake utakuta weupe. Rangi yote imekaa kwenye ngozi hiyo nyembamba. Inatokana na proanthosianidini, kundi mojawapo la antioksidanti, yaani kemikali zinazotuliza molekuli zenye kuharibu seli. Watafiti walichavusha mpunga mwekundu kwa mweupe, wakafuatilia vizazi vyake, wakaona wekundu hurithiwa pamoja na kipande kimoja cha kromosomu ya 7 kati ya 12 za mpunga. Hapo ndipo ilipo jeni iitwayo Rc. Mwaka 2006 ilibainika kwamba katika aina nyingi za mchele mweupe jeni hiyo imepungukiwa na herufi 14 tu za DNA, na kwa pengo hilo dogo wekundu ukatoweka.

Kwa mabonde ya Gitega na Muyinga nchini Burundi, thamani ya ujuzi huu ni kufupisha safari ya kupata mbegu bora. Mtafiti mwenye ramani ya jeni, yaani ya mahali zilipo kwenye kromosomu, huchuma kipande cha jani kitaluni, akapima DNA yake, akajua mche umebeba sifa gani kabla haujatoa hata suke moja. Gitega iko kwenye mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Baridi ikiukuta mpunga umebeba mimba, chavua huharibika na mkulima huvuna mapepe. Ustahimilivu wa baridi nao una jeni zake, na hutafutwa kwa njia ileile iliyofichua rangi.

Wapo wanaouliza kama antioksidanti zilizopimwa maabara humfaa mlaji. Swali hilo ni la haki. Proanthosianidini huweza kushikamana na madini ya chuma tumboni yasifyonzwe vizuri, na hilo ni jambo zito penye lishe duni: utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Tena, mashine ya kukoboa ikiondoa pumba, wekundu huenda nazo. Pumba zikibaki, mafuta yake huchacha ghalani. Basi mchele mwekundu usinadiwe kama dawa. Lakini pingamizi hizi zinagusa uchaguzi wa sifa, haziivunji ramani. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Burundi, ISABU, na washirika wake waitumie kwa mpangilio huu: kwanza punje inayojaa penye baridi, kisha zinki, madini ya kumsaidia mtoto akue, ndipo rangi. Mkulima wa bondeni hawezi kula rangi ya pepe.