Je, Wajua? Baba Hana Maziwa, Ana Mikono

Je, wajua kuwa mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo? Mama aliyejifungua wiki iliyopita hapo mtaa wa Bwiza, Bujumbura, anakaa saa nyingi na mtoto kifuani kabla hajagusa sufuria. Kwa hiyo muuza mishikaki anayesema mkewe "yuko nyumbani tu" apige hesabu upya.

Je, wajua kuwa mama wa Burundi hana deni katika kunyonyesha? Uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa 2016–2017 ulikuta zaidi ya watoto 8 kati ya 10 walio chini ya miezi 6 wakinyonyeshwa maziwa ya mama peke yake. Nchi nyingi tajiri hazijafika hapo. Uchunguzi huohuo ukakuta pia kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Udumavu huanza mimba ikiwa bado tumboni mwa mama asiyekula vizuri, ukaendelea kwa kuhara na kwa uji mtupu baada ya miezi 6. Hapo kwenye chakula, maji safi na pesa ya ndagala, baba hana pa kujificha.

Je, wajua kuwa mama anayenyonyesha huhitaji takriban kalori 500 zaidi kila siku? Sahani yake ijae kwanza, na ukuu wa baba nyumbani usiwe sababu ya kuchaguliwa samaki.

Je, wajua kuwa titi hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyonyonywa, na kwamba homoni ya kuyatengeneza hupanda zaidi usiku? Baba mwenye huruma huenda akanunua kopo la maziwa ya unga ili mkewe alale. Nia njema, lakini mtoto akizoea chupa ya usiku, maziwa ya mama nayo hupungua, na kopo halishuki bei. Msaada wa usiku ni mwingine: amka, mlete mtoto kwa mama yake, akishiba mcheulishe, mbadilishe nepi, mrudishe kwenye chandarua.

Je, wajua kuwa mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji hata katika joto la Bujumbura? Maziwa ya mama yenyewe ni maji kwa karibu asilimia 88. Tatizo ni bibi, ambaye amekuja na kijiko chake na hoja zake. Mkaza mwana akimkatalia, ataambiwa hana adabu. Mwanawe wa kumzaa akimwambia "Mama, tusubiri miezi sita," yataisha kwa kununa kidogo tu. Kazi hiyo ni ya baba, wala haitaki kuinuka kitini.

Je, wajua kuwa sura ya pili ya Kurani, aya ya 233, inapotaja kunyonyesha miaka miwili kamili, hapohapo inamtwika baba chakula na mavazi ya mama? Inataka pia kumwachisha mtoto ziwa kabla ya muda huo kuwe kwa ridhaa na mashauriano ya wazazi wote wawili. Waislamu wa Bwiza na Buyenzi wanaisoma aya hiyo. Mashauriano yanataka mume awepo nyumbani.

Je, wajua kuwa jirani zetu Wanyarwanda wamepima faida ya baba kushiriki malezi? Mpango uitwao Bandebereho uliwakusanya vijana waliooa, wenye watoto wadogo au wanaotarajia mtoto, katika vikao visivyozidi 15. Wake zao walihudhuria baadhi. Walizungumza kuhusu ujauzito, malezi, pesa na ugomvi. Watafiti waliwagawa jozi 1,199 za mume na mke kwa kura, wengine wakaingia vikaoni na wengine wakabaki nje, kisha matokeo yakachapishwa 2018. Wanaume waliopita vikaoni walitumia karibu saa moja zaidi kwa siku katika malezi na kazi za nyumbani. Kubwa kuliko hilo: wanawake waliosema wamepigwa na waume zao katika mwaka uliotangulia walikuwa asilimia 33 upande wa mpango, na 57 upande wa pili. Tofauti hiyo ingetosha kuufungulia mpango huo mlango kila mtaa wa Bujumbura.

Je, wajua kuwa Burundi ina Abatangamuco, wanaume wanaosimama mbele ya majirani na kusimulia walivyowatesa wake zao na walivyobadilika? Walianza kwa msaada wa shirika la CARE. Anayesimulia ni mtu wa kilima hichohicho, na mkewe yupo anasikiliza, kwa hiyo uongo hauendi mbali.

Je, wajua kuwa baba wa jamii ya Waaka, katika misitu ya Afrika ya Kati, hukaa karibu na mtoto mchanga kiasi cha kumfikia kwa mkono kwa takriban nusu ya muda wote? Mwanaanthropolojia Barry Hewlett aliwapima.

Je, wajua kuwa mtoto njiti anaweza kupashwa joto kifuani mwa baba, ngozi kwa ngozi? Njia hii ya kangaruu ilianza Bogotá mwaka 1978, kwa sababu mashine za joto hazikutosha.

Je, wajua kuwa mzazi aliyelewa hapaswi kulala kitanda kimoja na mtoto mchanga? Usingizi wa pombe ni mzito, na mtoto anaweza kukosa hewa. Ukitoka kwenye Primus, jamvi linakutosha.

Je, wajua kuwa sheria ya kazi ya Kenya ya 2007 humpa baba likizo ya wiki 2, ilhali ile ya Tanzania ya 2004 ilimpa siku 3? Muuza nguo wa Jabe, hapa Bujumbura, hana likizo yoyote, lakini jioni ni yake.

Je, wajua kuwa tangu Mei 2006 matibabu ya watoto wa chini ya miaka 5 ni bure katika vituo vya afya vya serikali nchini Burundi? Chanjo zinazofuata zile za kuzaliwa ni za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Baba, chukua kadi, funga mbeleko, umpeleke wewe.